Kabla ya kuhamia laini ya bei nafuu, mzazi aulize mnara ni wa nani

Mzazi akiletewa laini mpya yenye bando nafuu, kwanza hutazama bei. Ni haki yake, kwani karo haijaisha na watoto nao wanataka intaneti. Hata hivyo, kuna swali linalofaa kutangulia bei: laini hiyo inatumia mnara wa nani?

Si kila kampuni inayouza laini ina minara. Nyingine hununua muda wa maongezi na intaneti kwa jumla kutoka kwa kampuni yenye minara, kisha huuza rejareja kwa jina na bei yao. Ni kama mwenye duka aliyepanga chumba: bidhaa ni zake, lakini paa likivuja anamngoja mwenye nyumba.

Huko Uingereza, Virgin Mobile ilianza hivyo mwaka 1999. Nchini Kenya, mfano unaojulikana ni Equitel ya Equity Group, iliyopata leseni mwaka 2014 na inayotumia minara ya Airtel.

Faida zipo. Kampuni isiyojenga minara ina nafasi ya kupunguza bei, au kuhudumia kundi fulani vizuri zaidi. Equitel, kwa mfano, iliunganisha laini na akaunti ya benki, hivyo mzazi analipa karo kutoka akaunti yake kwa simu ya kawaida, bila intaneti.

Hasara nazo zipo. Mnara ukizimika, wote wawili wamezimika. Mahali ambapo mwenye minara hafiki, mpangaji naye hafiki. Malalamiko nayo huchukua safari mbili: kwa muuzaji, kisha kwa mwenye mtandao. Na laini ikibeba akaunti ya benki, simu ikiibwa hasara huwa kubwa zaidi. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto.

Kwa hiyo, kabla ya kuhama, mzazi aazime simu yenye laini ya mwenye minara, aijaribu nyumbani, shuleni na kwa bibi kijijini. Mtoto akiugua usiku, bando nafuu lisiloshika mtandao halimsaidii.

Pia ahesabu vilivyofungwa kwenye namba ya zamani: pesa za simu, benki, shule, kliniki. Kenya imeruhusu mteja kuhama na namba yake tangu 2011, lakini akaunti ya pesa ya kampuni anayoiacha haimfuati. Salio litolewe kwanza.

Njia salama ni kutumia laini mbili kwa mwezi mmoja, kwani simu nyingi zina nafasi hiyo. Akiamua kubaki na laini mpya kwa namba mpya, aipeleke shuleni mara moja. Laini iliyoachwa kabatini muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kupewa mtu mwingine. Siku mwalimu atakapopiga kuhusu mtoto, atapokea mgeni.