Miaka 12 si hati ya shamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu kesi za ardhi, hasa kwetu sisi tunaoishi kandokando ya mashamba ya mkonge.

Hapa Ngombezi, wilayani Korogwe, wengi wetu ni watoto na wajukuu wa manamba. Wazee wetu walitoka Kigoma, Njombe na hata Msumbiji kuja kukata mkonge. Walipata kazi, lakini ardhi haikuwa yao. Mtu akitaka kulima mahindi huomba kipande kwa msimamizi wa shamba, au huingia tu pale mkonge ulipokufa pakawa pori. Miaka inapita, watoto wanazaliwa, miembe inazaa. Mwishowe husikika neno hili: "Hapa ni pangu, nimetimiza miaka 12."

Jirani yangu mmoja, mzee anayeheshimika, alisema hivyo. Aliuza ng'ombe wawili apate gharama za kesi, akashindwa. Kilichomwangusha ni maneno ya kinywa chake. Alieleza kwamba kipande kile aliruhusiwa kulima zaidi ya miaka 20 iliyopita. Yeye alidhani hiyo ndiyo ngao yake, kumbe alikuwa anathibitisha kwamba ni mwalikwa. Na mahakama zetu zimesema mara nyingi: mwalikwa hageuki kuwa mwenye mali, hata akikaa miaka 40.

Ndugu wasomaji, hiyo miaka 12 ipo kweli katika Sheria ya Ukomo. Lakini maana yake ni kwamba mwenye ardhi akinyang'anywa, asipofungua madai ndani ya muda huo, mlango wa mahakama humfungia. Haisemi kwamba kila aliyekaa miaka 12 amepewa shamba. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la masista wa shirika la Roho Mtakatifu dhidi ya watu 137 waliodai ardhi kwa kukaa muda mrefu. Mahakama ilitaja masharti mengi: mwenyewe awe ameitelekeza ardhi, aliyeingia awe ameingia bila ruhusa na kukaa waziwazi kwa nia ya kuimiliki, na miaka 12 ipite bila kukatizwa. Masharti hayo yote lazima yatimie pamoja. Wale watu walishindwa.

Hata hivyo, asije mtu akadhani sheria ni ya wenye hati tu. Mwaka 1994, katika shauri la Akonaay lililotokea Mkoa wa Arusha baada ya Operesheni Vijiji, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo imeipa haki ya kimila hadhi sawa na hati ya Serikali. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe "nimekaa miaka mingapi?" bali "niliingiaje?" Aliyerithi shamba la ukoo au kupewa na kijiji ana nguvu. Aliyeazimwa na aendelee kuomba, na ni heri aombe kwa maandishi.

Tena tujue kwamba tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halihukumu tena kesi za ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, nalo lina siku 30. Usuluhishi ukishindikana ndipo mtu aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tukiitumia vizuri nafasi hiyo, ng'ombe watabaki zizini.

Mwisho, nawaomba wahusika. Mwaka huohuo wa 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Zifupishwe kwa Kiswahili, zisomwe katika mikutano ya vijiji na kubandikwa kwenye ofisi za kata. Mzee yule angejua mapema, angeitafuta suluhu na kuvuna mahindi yake kwa amani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.



Msomaji wako,
Ngombezi, Korogwe.