Viungo Vigumu Asubuhi Si Uvivu



Katika vijiji vingi yupo mtu anayechelewa kufika shambani. Wenzake wamekwisha lima matuta mawili, yeye ndiyo kwanza anafika, tena anachechemea. Watu husema, "Yule ni mvivu." Mimi nasema tumtazame kwanza viwiko, magoti na kucha, ndipo tuseme.

Upo ugonjwa wa ngozi unaoitwa soriasisi. Ngozi hutoka mabaka yaliyoinuka, yenye magamba makavu. Katika ngozi nyeusi kama yetu, baka huweza kuwa la zambarau au jeusi kuliko ngozi ya kando yake, na magamba yake ni ya kijivu. Hupenda kukaa kwenye viwiko, magoti, kiunoni na kichwani ndani ya nywele. Ugonjwa huu hauletwi na uchafu wala kurogwa. Hauambukizi hata kidogo. Kula naye sahani moja, lala naye kitanda kimoja, hutaupata. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, ndiyo inayogeuka na kuushambulia mwili wenyewe.

Lakini leo sitaki kusema sana habari za ngozi. Nataka kusema habari za viungo. Katika kila watu 10 wenye soriasisi, hata 3 huweza kupata ugonjwa wa viungo unaotokana na hiyo hiyo. Mara nyingi magamba hutangulia, na viungo hufuata baada ya miaka mingi, hata 10. Ndiyo maana mtu haunganishi mambo haya mawili. Huja zahanati na kusema, "Vidole vinaniuma." Magamba hayataji, maana anaona aibu na amevaa mikono mirefu. Foleni ni ndefu mlangoni. Anapewa vidonge vya maumivu, anakwenda zake. Jambo hili halifai. Mwenye maumivu ya viungo aulizwe habari za ngozi, na mwenye magamba aulizwe habari za viungo. Nawe msomaji, usipoulizwa, sema mwenyewe. Kunja mkono wa shati, onyesha.

Utaujuaje? Tazama asubuhi. Mtu aliyechoka kwa jembe huamka nafuu baada ya kulala. Mwenye ugonjwa huu huamka amekakamaa. Vidole havikunjiki, hata kufunga kifungo ni taabu. Hali hiyo hukaa nusu saa au zaidi, kisha hulegea kadiri anavyotembea na kufanya kazi. Mgongo nao huweza kuuma usiku na kupata nafuu akiamka na kujinyosha. Tazama vidole vya mikono na miguu. Kidole kimoja huweza kuvimba chote, toka shina hadi ncha, kikawa kama ndizi. Bonyeza nyuma ya kisigino, pale mshipa mnene unaposhikana na mfupa. Kama panauma bila kujikwaa, hiyo nayo ni dalili. Kisha tazama kucha. Huwa na vishimo vidogo vidogo kama vya subana ya fundi cherehani, au huachana na nyama. Wengi hudhani ni fangasi tu.

Wengine huogopa kuja kwa kuwa wanadhani ni ukoma. Baka la ukoma mara nyingi halina hisia. Ukiligusa kwa pamba, mgonjwa hajui. Baka la soriasisi huhisi, tena huwasha. Hata hivyo, kata shauri la kupimwa badala ya kujipima nyumbani. Ukoma nao unapona, na dawa zake hutolewa bure. Tena, magamba yakitokea ghafla na kuenea mwili mzima, ni vema kupima virusi vya UKIMWI, kwa sababu virusi hivyo huweza kuuzidisha ugonjwa huu.

Kwa nini nahimiza haraka? Kwa sababu kiungo kilichokwisha liwa hakirudi. Kuchelewa hata miezi 6 kunaweza kuharibu mfupa. Na kwetu mkulima asiyeweza kushika jembe ni nyumba isiyo na chakula. Omba barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya rufaa. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, pana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992.

Nyumbani, osha mikono kwa maji ya uvuguvugu kila asubuhi, na kunja na kunjua vidole. Usilale kutwa. Zungushia mpini wa jembe kitambaa uwe mnene, vidole visijibane sana. Acha sigara. Paka mafuta mazito ya kawaida kwenye magamba.

Sasa habari ya dawa za dukani. Vidonge vya prednisoloni hupendwa kwa sababu maumivu hukimbia siku ile ile. Ukiviacha, ngozi huweza kulipuka vibaya kuliko mwanzo. Usijinunulie. Diklofenaki hutuliza maumivu, lakini humezwa baada ya kula, maana huweza kutoboa tumbo, na haizuii mfupa kuliwa.

Dawa ambayo daktari wa hospitali huweza kukuandikia ni methotreksati. Inatuliza ngozi na viungo pamoja, ila si ya kuchezea. Mama mwenye mimba haruhusiwi kuimeza. Pombe haipatani nayo kwa sababu ya ini, na damu lazima ipimwe mara kwa mara. Humezwa mara moja tu kwa wiki. Wako watu waliokufa kwa kuimeza kila siku. Chagua siku moja, kwa mfano Jumapili, uiwekee alama kwenye kalenda ukutani. Wewe sasa unajua kusoma, basi soma bahasha ya dawa kabla ya kutoka dirishani. Ikiwa imeandikwa 1 x 3 kama dawa nyingine, usimeze. Mrudishie aliyekupa, umwulize.