Tovuti ya zamani, kompyuta mpya ya fundi, na pesa zako katikati

Kama tovuti ya duka lako ilitengenezwa miaka kumi hivi iliyopita, kuna uwezekano mkubwa iliandikwa kwa PHP 5, na fundi aliyeitengeneza siku hizi hata simu hashiki. Lakini bado inauza. Mteja anachagua bidhaa, anaandika namba yake, ombi la PIN linatokea kwenye simu, analipa, oda inaandikwa "imelipwa". Kisha unatafuta fundi mpya akuongezee kitu kidogo tu, tuseme ada ya kutuma mzigo Kisumu. Kompyuta yake ina PHP 8. Anakuambia, "Ni kuhamisha tu, dakika tano." Mimi nikisikia hivyo nashika mfuko.

Programu nyingi za zamani zilizungumza na hifadhidata kwa amri kama mysql_connect. Amri hizo ziliondolewa PHP 7.0 ilipotoka Desemba 2015, kwa hivyo tovuti kama hiyo ukiipeleka PHP 8 bila kuirekebisha, kila ukurasa unaotumia amri hizo unakufa. Ukurasa wa mbele ukifa, afadhali, utauona. Shida ni ule ambao hakuna binadamu anayeufungua: ukurasa unaopokea majibu kutoka kwa mfumo wa malipo. Huo ukifa, mteja anakatwa pesa, SMS inaingia, pesa ziko kwa till yako, lakini tovuti inasema hajalipa. Kuna watakaolipa mara ya pili. Wengine watakuita mwizi.

Kuna kosa lingine la kimyakimya zaidi. Kwenye M-Pesa, majibu ya ombi la malipo huja na namba ya matokeo: 0 ni kwamba muamala umefaulu, 1 salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi. Ni rahisi sana fundi kuandika: kama matokeo == 0, oda imelipwa. Sasa, kabla ya PHP 8.0 iliyotoka Novemba 2020, maandishi matupu, au neno kama "error", yakilinganishwa na 0 kwa njia hiyo yalihesabiwa kuwa sawa na 0. Yaani jibu bovu lingeweza kutoa mzigo dukani bila shilingi kuingia. PHP 8 imeziba tundu hilo, ila si lote, maana jibu ambalo namba ya matokeo haimo kabisa bado linaweza kupita kama 0. Dawa ni alama tatu, ===, ambazo hudai hata aina ya data ilingane. Lakini hapo napo kuna mtego: kama programu yako iliisoma ile 0 kama maandishi na si namba, alama tatu zitaikataa, na waliolipa wataonekana wadeni. Kwa hivyo hata marekebisho sahihi yanataka kujaribiwa.

Kuna wanaosema, kama inafanya kazi usiiguse. Sikubaliani nao. PHP 5.6, ya mwisho katika familia hiyo, iliacha kupata marekebisho ya usalama mwisho wa Desemba 2018, na wewe umeweka humo majina na namba za wateja wako. Halafu, ni kweli inafanya kazi? Tangu 2019 Kenya ina namba za simu zinazoanza na 01. Fomu iliyoandikwa kabla ya hapo inaweza kuwa inakubali 07 peke yake. Mwenye 0110 anaambiwa namba si sahihi, anaenda kununua kwingine, na wewe hutajua kamwe kwamba alipita.

Wengine watakuambia bomoa, anza upya. Mafundi hupenda sana hii, na inalipa vizuri. Lakini tovuti ya zamani ina vijisheria vyake ambavyo hakuna anayekumbuka nani aliviweka: mteja wa jumla analipa nusu kwanza, oda isiyolipwa kwa saa fulani inajifuta. Ukibomoa, unavigundua kimoja kimoja kupitia malalamiko.

Ninachounga mkono ni kazi ya polepole. Programu kama Docker humwezesha fundi kuweka PHP 5.6 ndani ya kontena kwenye kompyuta yake mpya, tovuti ikae humo kama nyumbani kwake. Kwanza ifanye kazi vilevile ilivyo. Ndipo aipandishe hadi 7.4, arekebishe yanayovunjika, kisha 8. Na kila hatua malipo yajaribiwe katika mazingira ya majaribio. Daraja ya Safaricom inayo, hakuna sababu ya kufanya mazoezi na pesa za wateja. Asijaribu malipo yaliyofaulu pekee. Mteja akighairi je? Salio lisipotosha? Jibu lisipokuja kabisa, au lile lile likija mara mbili? Hili la mwisho ukilisahau, oda moja inaweza kutumwa mara mbili.

Itachukua siku kadhaa, si dakika tano, na utalipia siku hizo. Sioni njia ya kulikwepa hilo. Siku ya kuhamia, chagua saa ambayo duka limetulia, iache ile ya zamani tayari kurudishwa, na ujilipe mwenyewe shilingi kumi uone kama oda inaandikwa. Wiki ya kwanza, kila jioni linganisha taarifa ya till na orodha ya oda, mstari kwa mstari. Na fundi akiomba PIN yako "ajaribu malipo kidogo," mwambie hapana. Kazi hii yote, kuanzia kontena hadi siku ya kuhamia, haihitaji aijue.