Kujitenga na Maradhi Si Kukata Udugu



Ndugu zetu Waislamu, imepita miaka tangu Machi 16, 2020, siku ilipotangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini amepatikana Arusha. Ndoo za maji na sabuni zilizowekwa milangoni mwa misikiti zimeondolewa au zimepasuka, na barakoa zimesahauliwa. Lakini liko swali moja la wakati ule ambalo hadi leo linawatia baadhi ya jamaa katika chuki: Je, mtoto aliyeacha kwenda kuwazuru wazazi wake, kwa kuhofia kuwapelekea maradhi, alikata udugu?

Hapa Ihumwa swali hili lina uzito wake. Kata yetu iko kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, jirani na Mji wa Serikali wa Mtumba, na katika safu zetu za swala wamo wengi walioletwa na kazi tangu Serikali ilipoazimia mwaka 2016 kuhamia Dodoma. Wazazi wao wako Kondoa, Tanga, Kigoma na Rufiji. Nchini Kenya, serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Julai 2020, na mtoto wa huko aliweza kusema kuwa njia imefungwa. Kwetu mabasi yaliendelea na safari zake. Uamuzi wa kwenda au kubaki ukawa juu ya shingo ya kila mmoja wetu, na ndiyo maana lawama zake zimedumu.

Sisi tunasema waziwazi kwamba hakukata. Na tunayo hoja.

Mwaka wa 18 Hijria ilizuka tauni ya Amwas katika nchi ya Sham. Amirul-Muuminina Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda huko, na alipofika Sargh akapokewa na makamanda wake, akiwemo Abu Ubaida bin Jarrah (r.a.), wakampa habari hizo. Akawataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikuraishi, na akaamua kurejea Madina. Abu Ubaida akamhoji iwapo anaikimbia kadari ya Allah. Jibu la Umar likawa kwamba anatoka katika kadari moja ya Allah kwenda katika nyingine. Ndipo Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipokuja na elimu aliyoipokea kwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe: nchi iliyoingiwa na tauni haiingiwi, na aliyemo humo hatoki kwa kuikimbia. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim.

Yaliyofuata husimuliwa kwa nadra mimbarini. Wanahistoria wanaeleza kwamba Umar alimwandikia Abu Ubaida akimwita Madina kwa haja maalumu. Abu Ubaida akatambua kwamba anatakiwa kuokolewa peke yake, akaandika kuomba udhuru ili abaki na askari wake. Umar alipoisoma barua ile alilia, hata waliokuwepo wakadhani Abu Ubaida amekwisha kufa. Akaandika tena, akimtaka awahamishie watu mahali pa juu penye hewa safi. Abu Ubaida alifariki kwa tauni hiyo, na baada yake Muadh bin Jabal (r.a.). Umar na Abu Ubaida hawakuonana tena, na hatujamsikia mwanachuoni aliyesema kuwa walikatana. Kila barua ilihitaji mjumbe na mwendo wa siku nyingi. Sisi tuna simu mfukoni.

Na hapo ndipo aibu yetu ilipo. Wapo miongoni mwetu waliosema wanawakinga wazee, kumbe walikuwa wakikinga mifuko yao. Wiki tatu zilipita bila ya salamu, na hata fedha ya sabuni haikutumwa. Kosa la mtu huyu si kubaki Ihumwa, bali ni kunyamaza. Wengine walipiga simu, lakini walichopeleka kwa mama ni uvumi wa WhatsApp uliomkosesha usingizi. Na wapo waliopanda basi na kikohozi chao wakidai kutawakali, ilhali Mtume (s.a.w.) amemkataza mwenye ngamia wagonjwa kuwachanganya na wazima. Mwanzoni mwa 2021, matangazo ya misiba yalipojaa maneno "changamoto ya upumuaji", tuliona jinsi msiba mmoja ulivyozaa mwingine. Chanjo ilipozinduliwa nchini Julai 28, 2021, wazee walikuwa na haki ya kwanza ya kupelekwa, na mtoto aliyegharamia usafiri wa baba yake hadi kituoni alimzuru bila ya kufika nyumbani.

Tusidhani mambo haya yamekwisha. Januari 20, 2025, hapa hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuzuka kwa maradhi ya Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, ambako mwaka 2023 maradhi hayo yaliua watu 6. Hadi yalipotangazwa kumalizika Machi 13, 2025, watu 10 walikuwa wamefariki. Marburg huambukiza kwa majimaji ya mwili, na mwili wa maiti una hatari kubwa. Basi jamaa atakayezuiwa kumwosha na kumzika ndugu yake asiambiwe amemtupa. Mtume (s.a.w.) alimswalia Najashi aliyefia Uhabeshi, na madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tumekulia, yanaruhusu kumswalia maiti aliye mbali.

Rai yetu kwa misikiti ya Ihumwa ni ndogo. Kila msikiti uwe na daftari ambamo kila mwenye mzazi aliye mbali ataandika mzazi huyo yuko wapi na anapatikana kwa namba gani, ili yakizuka maradhi, asiye na salio asaidiwe kupiga, na aliyenyamaza aulizwe baada ya swala ya Isha. Wazee wengi vijijini hawana simu, au wanayo na haina chaji. Kwa hiyo namba ya jirani au ya mwenye duka ndiyo iandikwe kwanza.