Tabora Yastahili Nyumba ya Majaribio

Tarehe 7 Novemba 1857 msafara wa Richard Burton na John Hanning Speke uliingia Kaze, kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Pwani katika nchi ya Unyanyembe, mahali ambapo leo ndipo Tabora. Na katika mizigo iliyochukuliwa mabegani na wapagazi tangu pwani, pamoja na shanga, nguo na nyaya za shaba, vilikuwamo vipimajoto, ambavyo wasafiri wale walivitumbukiza katika maji yachemkayo ili wajue kimo cha nchi waliyoikanyaga. Hewa huelemea uso wa maji, na kadiri nchi inavyoinuka ndivyo uzito wa hewa hiyo unavyopungua, mvuke ukapata wasaa wa kutoka mapema. Basi mwenye chungu, kuni na kipimajoto aweza kukadiria kimo cha mahali alipo pasipo kuiona bahari. Vyombo vyao vizuri viliharibika safarini, hata wakalazimika kutumia kile cha kupimia maji ya kuogea. Na kwa chombo hicho dhaifu Speke alipima kimo cha Ziwa Nyanza mwezi Agosti 1858 akaukaribia ukweli, ilhali kipimo cha Ziwa Tanganyika kilikosea kwa mamia ya futi.

Kanuni ile ingali inafanya kazi katika kila jiko la Tabora. Mji huu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji safi yakichemshwa hapo hutokota karibu na nyuzi 96, wala hayafiki 100 hata moto ukichochewa mpaka kuni ziishe. Walakini mwulize mwanafunzi wa Tabora maji huchemka kwa nyuzi ngapi, naye aghalabu atajibu 100 pasipo kusita, apewe alama zake, aende zake. Jibu ambalo ni sahihi kwa Bagamoyo, na si sahihi kwa jiko la mama yake. Kosa si la mtoto, wala si la kitabu, ambacho hutaja usawa wa bahari kwa maneno machache yanayosahaulika upesi. Kosa ni la sisi tuliomfundisha kana kwamba ilimu yote ya maumbile imekwisha kupimwa na watu wengine mahali pengine, naye hana haki wala haja ya kuipima tena.

Rai yangu ni kwamba Tabora yastahili nyumba ya majaribio, mahali ambapo mtu wa umri wowote ataingia, atashika, atapima, atakosea na kurudia. Na kwamba nyumba hiyo, ili iwe na manufaa, itokane na maarifa ya njia kuu ya misafara iliyoujenga mji huu, badala ya kuwa ghala la mitambo inayong'aa iliyoagizwa ng'ambo.

Nyumba za namna hii zimekwisha kuwa mujarabu kwingineko. Mwaka 1969 mwanafizikia Frank Oppenheimer, ambaye siasa za wakati wake zilimwondoa chuo kikuu akawa mfuga ng'ombe kisha mwalimu wa sekondari mashambani, alifungua mjini San Francisco nyumba iitwayo Exploratorium, ambamo wageni waliruhusiwa kuzungusha, kusukuma na kuchezea kila kitu, na karakana ya kutengenezea vyombo iliwekwa mbele ya macho ya watu ili waone jinsi vinavyoundwa na vinavyofufuliwa vikiharibika. Kwetu Tanzania mji wa Tanga umekwisha tangulia, kwa kuwa unacho kituo cha sayansi cha watoto kiitwacho STEM Park, kilichoasisiwa na taasisi ya Projekt Inspire. Na mashindano ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa mwaka 2011, huwakusanya Dar es Salaam wanafunzi wa sekondari pamoja na uchunguzi walioufanya wenyewe. Magharibi ya nchi, yenye watu wengi na historia ndefu, haifai kungoja ifikiwe mwisho.

Atakayesema kwamba majaribio ya mikono ni mchezo wa kupotezea wakati wa mitihani, namkumbusha habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya Magamba, Mpemba alichemsha maziwa na sukari ili afanye aiskrimu, na kwa kuogopa kukosa nafasi katika friji akayatia yangali moto; akashangaa kuona yake yameganda kabla ya ya mwenziwe yaliyotiwa yakiwa baridi. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Aliuliza tena katika shule nyingine, ya Mkwawa, akachekwa. Lakini hakuyakana macho yake, na siku Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipokwenda kuwahutubia wanafunzi wa Mkwawa, akaliuliza swali lile lile mbele ya halaiki. Osborne hakumcheka, alirudi chuoni akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ambayo imelipa jambo hilo jina la Mpemba katika vitabu vya dunia nzima, ijapokuwa wataalamu hata leo wanabishana juu ya sababu zake. Haya yalitokea kwa sababu kijana mmoja alikuwa na maziwa, friji na ukaidi wa kuamini alichokiona. Na wangapi katika wenzake, wa zama zake na za leo, wamekosa vitu viwili vya kwanza, hata kile cha tatu kikafa kwa kukosa lishe?

Sasa tutazame vitakavyowekwa katika nyumba ya Tabora. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua frasila mbili hivi, yaani ratili 70, siku baada ya siku kati ya pwani na maziwa makuu. Na uwekwe mti wa mzega, wenye mizigo inayosogezwa mbele na nyuma, ili mtoto na babu yake wahisi begani jinsi mzigo mdogo ulio mbali unavyoweza kulingana na mkubwa ulio karibu. Hapo wataijua kanuni ya wenzo na egemeo kabla ya kuandikiwa ubaoni. Lakini njia hiyo ilipitisha watu waliofungwa kama ilivyopitisha pembe, na katika mambo ya njia ile minyororo peke yake haifai kufanywa kitu cha kujaribiwa. Hiyo itazamwe kwa taadhima, katika chumba chake.

Tabora ni nchi ya misitu ya miombo na asali, na mfuga nyuki wa Sikonge aijua asali iliyokomaa kwa kuitazama inavyodondoka na kwa kuionja. Na apewe kile kifaa kidogo cha kioo ambacho tone la asali huupinda mwanga ndani yake, kikaonyesha kiasi cha maji kilichomo, maana asali yenye maji zaidi ya sehemu 20 katika 100 huelekea kuchacha, na soko la ng'ambo huikataa. Hapo ataona ni wapi ulimi wake na kifaa vinaafikiana, na wapi vinahitilafiana. Karibu yake lisimamishwe gogo la mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina ili kutengenezwa mzinga, lipasuliwe, mtu aone njia za chakula cha mti zilizokatwa, na afahamu kwa nini mti huo hukauka, na kwa nini mzinga wa mbao una faida ambayo hesabu ya mwaka mmoja haiwezi kuionyesha.

Ukiendelea magharibi wafika Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi, ambako watu wamechemsha chumvi kwa karne nyingi, na chumvi yao ikasafirishwa mbali kuliko mengi ya majina ya wafalme wa zamani. Jiko dogo la namna hiyo latosha kufundisha mambo ambayo mwalimu huyatafutia mifano ya mbali: kuyeyuka, kukolea, kutengana, na gharama ya kuni kwa kila kibaba cha chumvi. Na mwisho wa reli, Kigoma, iko meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa katika masanduku, ikapitishwa bara kwa reli mpaka ziwani. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, baada ya kuipaka mitambo yake grisi nyingi. Ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ukiona vyaelea vimeundwa, walisema wahenga. Na katika habari hii yafaa tuongeze kwamba vimehifadhiwa pia. Misumari miwili katika maji, mmoja mtupu na mmoja uliopakwa grisi, ikiachwa kwa majuma machache, itamweleza mtoto kutu ni nini na hewa yahusikaje, kwa bei ambayo hakuna shule isiyoimudu.

Nasisitiza watu wa umri wote, kwa kuwa huko ndiko vituo vingi vya sayansi hukosea, vikajengwa kwa ajili ya watoto huku wazazi wameketi nje kwenye viti wakingoja. Nchi yetu iliwahi kuwaza kwa mapana zaidi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, ambavyo vikiisha kusikiliza na kujadiliana viliinuka vikachimba vyoo na kufukia madimbwi. Ilimu ikatoka masikioni ikaingia mikononi. Naye Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye akasomesha hapo hapo, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea akilaumu mafunzo yanayomfanya kijana adhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni au kwa waliosoma, akayadharau ya wazee wake. Nyumba ninayoinena itajibu lawama hiyo ikiwa tu itazungumza Kiswahili, na Kinyamwezi panapohitajika. Sayansi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo mzee aliyefua majembe maisha yake yote hana mlango wa kuingilia katika mazungumzo yahusuyo moto na chuma, ilhali mkono wake umeshika mivukuto na macho yake yajua rangi ya chuma kilicho tayari kupigwa.

Najua nyudhuru zitakazotolewa. Ya kwanza ni fedha, nayo ni kweli kwa mwenye kutaka kuanza na jumba la vioo. Lakini mzega, misumari, vyungu na vipimajoto havidai jumba, na chumba kimoja kilicho karibu na stesheni, kikifunguliwa kila Jumamosi, chatosha kwa mwanzo. Ya pili ni kwamba vitu vitavunjika. Vitavunjika, bila shaka, na ndiyo sababu karakana ya kuvitengeneza iwe wazi mbele ya wageni. Chombo kinachokaa miaka bila kuguswa kimehifadhiwa, lakini hakijamfundisha mtu. Ya tatu ni kwamba wageni hawatakuja. Walakini Tabora imekuwa njia panda tangu zama za misafara, reli za Mwanza na Kigoma huachana hapa, na reli mpya inayojengwa kuelekea maziwa itapitisha wasafiri wengi zaidi ya wale wa jana.

Na siku ya kuchagua kamati ya nyumba hiyo itakapowadia, naomba majina ya kwanza yawe ya mfuga nyuki, mhunzi, mpika chumvi na fundi wa reli, kisha ndipo yafuate ya waalimu na maofisa. Kwa maana tukianza na sisi tuliosoma, tutaandika vibao vizuri vya maelezo, tutavitundika ukutani kwa urefu sawa, na wala hatutakumbuka kuwasha moto.