Dada wa kazi si nesi, na tunalijua hilo

Jamani, leo tuache siasa kidogo, tuache na Simba na Yanga. Tuongelee kile chumba cha nyuma.

Nyumba nyingi hapa Dar zina chumba hicho. Ndani yake kuna baba, mama, bibi au mjomba aliyepata kiharusi, au aliyekatwa mguu kwa ajili ya kisukari, au ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka. Wala si wazee peke yao. Kuna na kijana wa miaka 30 aliyeanguka na bodaboda akavunjika uti wa mgongo. Pembeni ya kitanda utakuta feni, ndoo, pakiti ya nepi za wakubwa, na binti wa miaka 19 aliyeletwa kutoka mkoani kuja kupika na kufua. Wenye mgonjwa wako kazini. Na wenye mgonjwa ndio mimi na wewe.

Nianze na kwetu, msije mkasema nawasema watu. Baba yangu mkubwa alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Hali ilipotulia hospitali wakamruhusu, tukapewa karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Hakuna aliyetukalisha chini akatuonyesha namna ya kumgeuza, kumlisha wala kumnyanyua. Na sisi hatukuuliza. Ukoo ukakaa kikao, maana kwa vikao hatujambo! Tukachanga hela, tukapeana zamu za kulipia dawa, tukanunua kiti cha magurudumu. Lilipokuja suala la nani atakaa naye usiku na mchana, halikumaliza hata dakika mbili. "Si dada yupo?"

Ni kweli alikuwepo. Alikuwepo alfajiri akikoroga uji, na saa nane usiku mzee akiita maji. Baada ya wiki kadhaa shangazi akaja kutoka Moro, akamfunua mzee ili ambadilishe shuka, akakuta kidonda chini ya mgongo, kimeshachimba. Nyumba nzima tukamgeukia yule binti. Mvivu huyu, hana huruma, na hela anapewa! Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliofoka. Yeye akauliza swali moja tu, kwa sauti ya chini: "Kwani mlitaka nimgeuze mara ngapi?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua.

Sasa najua, kwa hiyo nawaambia. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza mwenyewe anatakiwa abadilishwe ubavu kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Kinacholeta kile kidonda ni uzito wa mwili kuibana ngozi kwenye mifupa (chini ya mgongo, nyongani, visiginoni) mpaka damu ishindwe kupita. Akilala kwenye mkojo, mambo yanaharibika haraka zaidi. Na chakula je? Baada ya kiharusi wengi hawamezi vizuri. Ukimlisha amelala chali, uji unaweza kwenda kwenye mapafu badala ya tumboni, akapata nimonia. Anyanyuliwe akae wima, apewe kidogo kidogo, na akimaliza asilazwe papo hapo. Haya si mambo ya kusomea digrii. Yanafundishika kwa mchana mmoja. Ila lazima awepo mtu wa kuyafundisha.

Halafu hebu tupige hesabu. Kila saa mbili, mchana na usiku, ni mara 12 kwa siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku. Kwa anayeishi hapo hapo kazini mnaweza kukubaliana, tena kwa maandishi, yapungue hadi saa 8. Na kila wiki apate saa 24 za kupumzika. Sasa niambie, mtu mmoja atamgeuza mgonjwa mara 12 kwa siku, apike, afue, asafishe nyumba, halafu alale saa ngapi? Kwa hesabu ya darasa la tatu tu, haiwezekani. Tulikuwa tunadai muujiza, na muujiza ulipochelewa tukamtukana aliyeshindwa kuufanya.

Malipo yenyewe ndiyo usiseme. Amri ya kima cha chini iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka Sh 60,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Viwango vya watumishi wa ndani vilitofautiana kwa kuangalia mwajiri ni nani, kwa mfano mwanadiplomasia, na kama mtumishi analala hapo au anarudi kwake. Kazi yenyewe haikuangaliwa. Anayeosha vyombo na anayemwosha mtu mzima walikaa mstari mmoja.

Najua kuna mtu ameshaanza kusema, "Sisi Waafrika hatuwatupi wazee wetu kwenye makambi." Sawa kabisa. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema familia itaendelea kuwa taasisi ya msingi ya kuwatunza wazee. Sina ugomvi na hilo. Ninachouliza ni familia ipi? Zamani nyumba ilikuwa na watu sita mchana kutwa, shangazi, binamu, wajukuu, na jirani anayeingia bila kubisha hodi sana. Leo familia ni mume na mke wanaotoka alfajiri kukwepa foleni na kurudi saa mbili usiku. Tumeliacha neno familia kwenye sera, kazi tumemwachia dada.

Wenye uwezo huajiri nesi wa kuja nyumbani. Ni jambo jema, ila muulize leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kabla hujamkabidhi mzazi wako. Wengi wetu lakini hatuna hela hiyo. Ndiyo tukate tamaa?

Hapana, maana kazi hii nchi iliwahi kuifanya. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kabla dawa za ARV hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, wagonjwa wa ukimwi walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa wingi. Asasi kama WAMATA, iliyoanzishwa mwaka 1989, ziliwafuata huko huko. Wahudumu wa kujitolea walipita mitaani na mabegi yao, wakifundisha ndugu kuvaa glovu, kuosha vidonda, kumgeuza mgonjwa. Watu wa kawaida tu, wengine hawakuvuka darasa la saba, na walijua zaidi ya ukoo wetu wote wenye digrii.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kuwa na zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Safi sana. Ombi langu ni hili: wakipita mtaani wasiishie kuuliza kuhusu watoto na wajawazito, waulize na chumba cha nyuma. Na hospitali zisimruhusu mgonjwa wa kitandani kabla ya kumuita yule atakayekaa naye na kumfundisha kwa vitendo. Sisemi yule mwenye gari aliyekuja kulipa bili. Nasema yule atakayeshika beseni.

Na sisi wenye wagonjwa tuache kujidanganya. Kikao cha ukoo kigawane saa kama kinavyogawana hela. Nani wa usiku, nani wa Jumapili. Dada akiongezewa kazi ya kuuguza, aongezewe mshahara, apate mwenzake wa kupokezana naye, na siku yake ya kupumzika iheshimiwe.

Nimalizie na baba mkubwa. Kile kidonda kilichukua miezi minne kupona. Aliyekiuguza mpaka kikafunga ni yule yule dada tuliyemwita mvivu. Kilichobadilika ni kwamba nesi mmoja wa kliniki alikaa naye nusu saa akamwelekeza, na sisi tukaanza kulala pale kwa zamu.

Nusu saa tu, jamani.

Kwenu je? Nani yuko chumba cha nyuma, na anayekaa naye alifundishwa na nani?