Ukurasa wa Jamaa: Nani ataingia na mama mu materinite?



Kila mutu wa Likasi, Kolwezi, Kipushi ao Lubumbashi anajua ile benchi ya mbele ya materinite. Juu yake kunaketi nkambo na beseni, shangazi na termosi ya chai, yaya na mufuko wa nguo za mutoto. Bwana mwenyewe anasimama kando, simu mukononi, anahesabu feza. Ndani, nyuma ya mulango, bibi yake iko na uchungu, peke yake. Wale wa inje wanajua mwili wake na mambo ya nyumba yake. Yule wa ndani, muzalishaji, anajua kazi ya uzazi. Lakini hawasemezani. Wakisemezana, mara nyingi ni juu ya kuleta sindano, pamba na dawa iliyoandikwa kwenye karatasi.

Ule mulango uko na historia. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kutaka wafanyakazi wake wakae na bibi zao mu makambi. Ikajenga materinite, ikaweka kilo ya kupima watoto. Wazee wetu wengi walizaliwa mule, na tunashukuru, maana watoto ambao wangekufa walipona. Lakini kampani ilipanga materinite sawa vile ilipanga usine: saa ya kuingia, saa ya kutoka, na jamaa inje. Gécamines ikaendelea hivyo. Halafu, mwaka wa 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile depar volonteri, na jamaa nyingi zikapoteza matunzo ya bure. Jamaa ikaanza kulipa, lakini mulango ni ule ule. Benchi haiulizwe hata neno moja.

Shida kubwa inayotoka hapo ni siri. Tuchukue kwanza dawa ya kuharakisha uzazi. Tangu zamani kwetu kuko majani na mizizi ambayo mama anakunywa ili mutoto atoke upesi. Nyingine haifanye kitu. Nyingine iko na nguvu ya kweli: inakaza tumbo la uzazi mara kwa mara pasipo kulipumzisha, mupaka mutoto anakosa hewa. Kama mutoto amelala vibaya, ao kama njia ni ndogo, tumbo linaweza kupasuka, na hatari inazidi kwa mama aliyekwisha kupasuliwa zamani. Sasa muzalishaji, pasipo kujua kitu, anaona uchungu hauendi vizuri, na anaongeza ositosini mu seromu. Nguvu mbili juu ya tumbo moja!

— Mama, ulikunywa kintu ku nyumba?

— Hapana, mama munganga. Shiyakunywa kintu.

Nkambo yake, kule kwenye benchi, anajua. Ananyamaza kwa woga. Juu ya nini? Juu mwezi uliopita mama wa jirani alisema ukweli, na akajibiwa mbele ya vitanda sita: «Ninyi watu wa mugini, nani aliwatuma kunywa matakataka?» Habari hiyo ilizunguka kartie yote mbele ya jua kushuka. Tangu siku ile hakuna mutu anayesema tena. Yule aliyepiga kelele alizani anafundisha, kumbe alifunga masikio yake mwenyewe.

Muuguzi mwenye akili anauliza namna ingine: «Mama, kwenu wanasaidia muzazi na nini wakati wa uchungu? Na wewe walikusaidia?» Anauliza polepole, karibu na sikio, na akisikia jibu hatikise kichwa. Anauliza ilikuwa saa ngapi, jani gani kama linajulikana, kiasi gani. Anaacha ositosini kwanza, anasikiliza moyo wa mutoto mara kwa mara, anaita munganga mapema. Anaweza pia kufungua mulango na kumuuliza nkambo kwa heshima. Nkambo akiulizwa kwa heshima atasema.

Tena anauliza, hazanie. Mu chumba kimoja cha Kolwezi unaweza kukuta Muluba wa Katanga, Muluba wa Kasai, Musanga, Mulunda, Mutshokwe na Mubemba. Hakuna shule ya uuguzi itakayofundisha desturi za wote. Na hata Waluba wawili hawafanani, kama mumoja anasali kwetu na mwenzake anasali kwa wale wasiotaka dawa yoyote.

Kuko siri nyingine, nzito zaidi, na vijana wetu waisikie wazi. Kati ya makabila mengi ya kwetu, uchungu ukikawia, jamaa inawaza uzinzi. Mama anaambiwa ataje jina. Mara zingine ni bwana anayeulizwa. Kikao kinakaliwa, saa moja, saa mbili, saa tatu, na kichwa cha mutoto kimekwama. Kanisa linahubiri juu ya uzinzi, na litaendelea kuhubiri. Lakini mutoto aliyelala kwa upana hakulala hivyo juu ya zambi ya mutu. Na binti wa miaka 15, ambaye mifupa yake ya kiuno haijamaliza kukomaa, anaweza kukwama hata kama bwana yake ni mutu wa kwanza na wa mwisho aliyemujua.

Hapo muuguzi asicheke. Akicheka, jamaa itamubeba mama na kumupeleka kwingine. Aseme hivi: «Nkambo, muongee, muombe, muite na pasta. Lakini muongee mu motokari, tuko njiani kwenda lopitali kubwa.» Nimesikia watu wa kanisa wakilaumu neno kama hilo, eti ni kuchanganya mambo. Mimi naona ni hekima. Mama afike kwanza kwa yule anayeweza kumupasua.

Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilitoa shauri kwamba kila mama anayezaa awe na mutu mumoja wa kumusindikiza, yule ambaye amemuchagua mwenyewe. Utafiti wa inchi nyingi ulionyesha kwamba mama mwenye kusindikizwa, uchungu wake unakuwa mufupi kidogo, na upasuaji unapunguka.

Lakini amemuchagua mwenyewe! Hapo maneno yanaanza kwenye benchi. Mama mukwe anasema ni haki yake, shangazi anasema ni yeye aliyemulea. Mumuulize mama akiwa peke yake, siku nyingi mbele ya kuzaa, na jibu lake lifuatwe. Tena muangalie heshima ya buko. Kwetu bwana na mama mukwe wake hawawezi kusimama pamoja pahali bibi iko uchi. Muuguzi asiyejua anawaita wote wawili karibu na kitanda: mumoja anatazama ukuta, mwingine anatoka mbio, na mama anabaki tena peke yake. Na bwana akiingia mu chumba chenye vitanda sita, wale wamama wengine watano watafanya nini? Pazia ya kitenge inaweza kusaidia. Kama haiko, aingie yaya ao nkambo, na bwana akae karibu na mulango. Apelekewe habari kila wakati, asifanywe mulinzi wa viatu.

Mutoto akisha kutoka, desturi nyingi hazina ubaya, na muuguzi hana sababu ya kuzipiganisha. Jamaa ikiomba plasenta ili kuizika, wapewe mu sashe iliyofungwa vizuri, juu ya damu, na wanawe mikono. Mapasa wa Kiluba, Kyungu na Kabange, wafanyiwe sawasawa: ukimufunika mumoja kitambaa kipya, tafuta kingine. Mambo tunayokataa ni machache: kutia chumvi, majivu ao dawa ya meno kwenye kitovu, kumupa mutoto maji mbele ya miezi sita, na kumwaga maziwa ya kwanza ya manjano. Kumuogesha kungoje saa 24, alale kifuani mwa mama.

Na kama mutoto amezaliwa na kilema? Mara moja benchi inamwangalia mama, ao inatafuta mulozi. Wazazi wa inchi ya shaba na kobalti wajue hili: mwaka wa 2020 gazeti la waganga, Lancet Planetary Health, lilichapisha utafiti uliofanywa Lubumbashi juu ya watoto 138 waliozaliwa na kilema cha kuonekana na watoto 108 wasio nacho. Watoto ambao baba zao wanafanya kazi ya madini walikuwa wengi zaidi kati ya wale wenye kilema. Hiyo haiseme kwamba kila kilema kinatoka mu mugodi, na baba pia asishitakiwe, maana alikuwa anatafuta chakula. Lakini mama aachwe. Muuguzi awaonyeshe wazazi wote wawili mutoto wao, pamoja, siku ile ile, pasipo kumuficha mu kitenge. Na kila baba wa mugodi aoge, aache nguo za kazi inje, ndipo abebe mutoto.

OMS inasema tangu 2016 kwamba mama mwenye mimba aonane na waganga mara 8, ya kwanza mbele ya juma la 12. Basi mu mwezi wa saba ao wa nane, bibi na bwana wakae nyumbani na wazee wawili wanaoheshimiwa. Waandike kwenye fishi: jina la atakayeingia, kama kuko kovu ya upasuaji, dawa ya kienyeji ambayo jamaa inazoea kutoa, nani atapokea plasenta, numero ya mwenye motokari ao pikipiki anayeitika usiku. Siku ya kupima, bwana aende pia, na wamusomee muzalishaji yote kwa sauti.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kunyonyesha kwa wamama wanaofanya kazi ya kuosha mawe.